Kiingereza cha Kidato cha Kwanza: Mtoto wa Pwani Haendi Mikono Mitupu

Wasomaji wetu, kidato cha kwanza cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4 kiliingia shuleni mwaka 2024, na Januari 2026 watoto wa Gredi ya 10 wakaingia sekondari pevu wakiwa wa kwanza wa mtaala mpya. Majina yamebadilika, lakini hofu ya wazazi wetu huku Pwani haikubadilika hata chembe. Mzazi huuliza karo, huuliza sare, huuliza kama msikiti u karibu. Ama Kiingereza, hiki hukitaja kama atajavyo ugonjwa: ati mwanangu atakiweza? Na wengine, hasa wazee, huongeza kwamba miaka aliyokaa chuoni akisoma Qur'ani imemchelewesha, wenziwe wa bara wamekwisha mtangulia.

Mimi nasema hapana, na sisemi kwa ushabiki. Nimeutazama mtaala wenyewe.

Mtoto wa kidato cha kwanza cha 8-4-4 hakufundishwa Shakespeare. Hata vile vitabu vya mtihani ambavyo wazazi husikia jina lake havikusomwa mwaka huo. Katika 8-4-4 husomwa kidato cha tatu na cha nne. Mwaka wa kwanza ulianza na sikio na ulimi: kutamka sauti, vitanza ndimi, vitendawili, methali, hadithi za wajanja na za mazimwi, adabu ya kuzungumza na ya kuomba radhi. Kisha ndipo walipokuja na kusoma ufahamu, kutumia kamusi, kuandika barua ya kirafiki, kupanga aya, na sarufi ya majina na vitenzi. Mwenye kuisoma orodha hiyo pasi na kuambiwa ni ya somo gani, angedhani imeandikwa na bibi mmoja wa Mji wa Kale akiwa barazani.

Wala haikuingia humo kwa bahati. Mwaka 1968 waalimu watatu wa chuo kikuu huko Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza iondolewe na Afrika iwekwe kati, na fasihi simulizi yake ikiwa msingi. Mwaka 1974 waalimu wa fasihi wakakutana Nairobi kuyazungumza hayo hayo kwa ajili ya shule za sekondari. Ilipokuja 8-4-4, iliyofika kidato cha kwanza mwaka 1986 (nami nilikuwa miongoni mwa waliofunguliwa nayo mlango), lugha na fasihi zikatiwa katika chungu kimoja. Hivyo basi kitendawili kikapata kiti katika darasa la Kiingereza.

Natuanze na kitendawili hicho. Vitabu vya shule humfundisha mtoto kwamba utegaji una hatua zake: mtegaji hualika, mtegewa huitika, kitendawili hutegwa, watu hubahatisha, wakishindwa mtegaji hupewa zawadi, kisha hulitoa jibu. Mtoto wa bweni aliyekulia mahali pengine huyakariri haya kama atakavyokariri sehemu za ua. Mtoto wa Kisauni au wa Lamu ameyacheza tangu hajaota meno ya pili. Yeye amekwisha sema "Tega!", amekwisha shindwa, na amekwisha toa mji. Hiyo zawadi inayotajwa kitabuni ndiyo huo mji, na ameutoa Mombasa, ameutoa Makka, ameutoa na Unguja yote.

Na hadithi za wajanja? Sungura yumo vitabuni, naam. Lakini Abunuwasi wetu, ambaye asili yake ni mshairi Abu Nuwas wa Baghdad ya zama za Harun al-Rashid, ni mjanja aliyemzidi sungura kwa mbali, na mtoto wetu anazo visa vyake kumi kichwani. Mwalimu akimwuliza tu, hadithi zitatoka. Shida ni kwamba haulizwi.

Sasa nije kwenye matamshi, na hapa wasomaji wanisamehe nikikaa kidogo, maana ndipo penye utamu. Kiingereza kina sauti mbili zinazowatesa wengi: ile ya mwanzo wa "think" na ile ya mwanzo wa "this". Wengine hutamka s na z, wengine t na d. Mtoto wetu ambaye husema thamani na dhahabu, na ambaye mwalimu wa chuoni alimshika ulimi hata akajua makhraji ya tha na ya dhali, hana mashaka hapo. Pili ni urefu wa irabu. Kiingereza hutofautisha "ship" na "sheep", "full" na "fool". Mswahili atasema, mbona nasi tuna kufa na kufaa? Hasha, si sawa. Sisi washairi huhesabu mizani: ku-fa ni mbili, ku-fa-a ni tatu. "Ship" na "sheep" kila moja ni mizani moja tu, na kilichozidi ni kuvuta, ingawa sauti yenyewe pia hubadilika kidogo. Ni nani aliyezoea kuvuta ndani ya mizani moja? Ni yule aliyefundishwa madi, akachapwa kiganja kwa kuifupisha. Tatu ni mwisho wa neno. Neno la Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, na kwa hivyo wengi huitia irabu hata pasipo haja. Aliyezoea kusimama kwa sukuni hulifunga neno la Kiingereza bila ya kulisindikiza na i. (Ila ajihadhari na kalikala, nimewasikia vijana wakilidundisha "bed" kama wasomao sura.)

Na waliofika kwenye nahau wana zaidi. Kiswahili hakina kiungo cha kujulisha, lakini aliyeijua al ya Kiarabu huelewa upesi kwa nini Mwingereza husema "the". Na aliyezoea huwa na hiya hatachanganya "he" na "she", kosa ambalo sisi wenye "yeye" mmoja hulifanya hata uzeeni.

Sisemi kwamba Qur'ani ni kitabu cha kufundishia Kiingereza. Haikuteremshwa kwa hilo, na haisomwi kwa hilo. Nasema tu kwamba sikio lililonyoshwa limenyoka.

Basi kama ni hivyo, mbona alama za watoto wetu hazionyeshi? Sababu naziona mbili, na zote zimo ndani ya shule.

Ya kwanza ni kwamba ulimi hupimwa kwa kalamu. Katika mtihani wa KCSE, Kiingereza kina alama 200 kwa karatasi tatu, na karatasi ya kwanza ina alama 30 za stadi za kuzungumza. Lakini mtahiniwa hafungui kinywa. Huandika neno linalotamkwa sawa na jingine, huonyesha kwa maandishi kama sauti hupanda au hushuka, hueleza kwa wino angefanya nini mbele ya hadhira. Mtu aweza kuzipata zote 30 na asiweze kutamka. Aweza pia kutamka kama qari na akazikosa.

Ya pili ni kibao. Shule niliyosoma ilikuwa na kipande cha ubao kilichofungwa uzi, na aliyesikiwa akisema lugha isiyokuwa Kiingereza alivishwa shingoni mpaka ampate mwingine wa kumrithisha. Kiswahili kilitahiniwa, kilikuwa cha lazima, na bado kilikuwa kosa. Kutwa mtoto alisomeshwa kitendawili katika kitabu cha Kiingereza, na jioni akivishwa ubao kwa kukitega. Nilikuwa nimezoea ubao wa chuoni, ambao mtu aliubeba kwa heshima. Huu wa pili ulinifunza kunyamaza. Na mtoto aliyenyamaza hajifunzi kuzungumza lugha yoyote. Mahali pengi adhabu hii imebadilisha sura tu.

Lazima pia tuseme upande wa pili, maana si kila kitu ni ila ya shule. Chuo humzoeza mtoto kuhifadhi, na ndivyo ipasavyo kwa Neno lisilobadilishwa. Lakini insha ya Kiingereza hutaka maneno yake mwenyewe. Wengi wetu hukariri insha nzima za mfano, wakazimwaga hata swali lisipozitaka. Tena Kiingereza chetu ni cha darasani tu. Nyumbani hakipo, sokoni hakipo, na kusoma vitabu kwa ajili ya raha ni desturi tuliyoiachia watu wengine. Hapo mzazi asimlaumu mwalimu.

Mtaala mpya umekifanya Kiingereza kuwa cha lazima kwa wote, na fasihi yake ikawa somo la kuchagua. Nachelea jambo moja. Ikiwa vitendawili na hadithi vitakwenda na wenye kuchagua, basi watoto wengi wetu watabakiwa na sarufi kavu, na ule mlango ambao ulikuwa wao utafungwa kabla hawajaupitia. Hilo walisemee wazazi katika mikutano ya shule, badala ya kuzungumza karo peke yake.

Na waalimu wa Kiingereza walioko huku, wa hapa na wageni, hawahitaji ruhusa ya wizara kwa hili dogo. Kipindi kimoja kwa juma mtoto atege kwa Kiswahili, wenziwe wampe mji, kisha darasa zima likae kukifasiri. Wajaribu "Popoo mbili zavuka mto". Jibu ni macho, hilo wote wanalijua. Lakini popoo waiite nani kwa Kiingereza, na yule asiyewahi kuiona ikitiwa katika tambuu wamweleze vipi? Hapo watabishana, watafungua kamusi, watasema Kiingereza saa nzima pasi na kuvishwa chochote.