Maji ya Masinga yatufikia kabla ya tangazo

Mhariri,

Ninaishi kandokando ya Mto Tana, karibu na Hola. Kuna jambo linalonikera.

Juu yetu kuna mabwawa matano ya kuzalisha stima: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yamepangwa mtoni kama ngazi. Siyalaumu. Maji yaleyale huzungusha mitambo ya bwawa moja kisha yakateremkia la pili, hadi la mwisho, na aliyebuni mpango huo alikuwa na akili. Lakini mvua ikizidi, Masinga hufurika, na kinachomwagika huko hutushukia sisi wa chini.

Mwaka 2024 tangazo la bwawa kufurika lilinifikia kupitia simu ya mpwa wangu aliye Nairobi, limeandikwa Kiingereza, tena la siku mbili nyuma. Kufika shambani, maji kiunoni, migomba imelala. Pampu ya jirani yangu (ya mkopo, maskini) hatujaiona hadi leo.

Maji hayatoki Masinga yakatufikia kwa saa moja, huchukua siku. Muda wa kuhamisha mbuzi na pampu upo, ila hatuambiwi. Kwa nini tangazo lisisomwe redioni kwa Kiswahili na Kipokomo, na machifu wakalifikisha misikitini na makanisani?

Wahusika watujibu kupitia ukurasa huu. Nanyi wasomaji wa Garissa, Bura na Garsen, mliambiwa lini?

Mkulima wa migomba,
Hola, Tana River