Mbaazi ikichelewa kuchanua, soko halisubiri

WAKULIMA wengi wa wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara hupanga fedha zao kwa kufuata maua ya mbaazi. Mahindi ni chakula, mbaazi ndiyo ada ya shule. Hupandwa pamoja na mahindi mvua zinapoanza, huchanua baridi inapoingia Mei na Juni, na huvunwa kuanzia Agosti.

Kalenda hiyo haikuja kwa bahati. Mbaazi ya muda mrefu, kama aina iitwayo Mali, husubiri mambo mawili ndipo itoe maua: siku kuwa fupi na hewa kupoa. La kwanza halibadiliki. Katika wilaya hizi mchana wa Juni ni mfupi kuliko wa Desemba kwa karibu nusu saa, na utabaki hivyo. Linalobadilika ni la pili. Mei ikiwa na joto, mmea huendelea kurefuka na kuongeza majani, maua yakasubiri.

Mkulima akiona shamba la kijani anaweza kufurahi. Mfanyabiashara anayejua soko hafurahi. Mnunuzi mkubwa wa mbaazi yetu ni India, ambako mavuno mapya huanza kuingia sokoni karibu na Desemba. Nafasi ya Manyara ni Agosti hadi Oktoba, wakati akiba ya huko inapungua, na kila wiki ya kuchelewa inaimega. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha kuagiza, bei hapa iliporomoka, na wapo walioiacha mbaazi shambani. Safari ile ilikuwa sera. Joto halitangazwi na wizara yoyote.

Wapo wanaoshauri kuhamia mbegu ya muda wa kati, kama Tumia. Hapa tahadhari inahitajika. Aina hizo haziipendi baridi. Zikipandwa juu sana huko Mbulu nazo huchelewa kuchanua, kwa sababu iliyo kinyume. Zinafaa zaidi sehemu za chini zenye joto, mfano upande wa Ziwa Balangida. Majirani wanaotenganishwa na mteremko mmoja wanaweza kuhitaji mbegu mbili tofauti, hivyo duka la pembejeo linalouza aina moja kwa wote litampotosha mmoja wao.

Mmea nao una mchango wake katika hali ya hewa ya shamba. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki kijani, mizizi yake ikivuta maji ya chini na majani yakiyatoa hewani. Kivuli hicho na unyevu huo hupoza ardhi, na majani yanayoanguka huifunika na kuirutubisha. Shamba moja haliwezi kuleta mvua, tusidanganyane. Lakini udongo ulioachwa wazi hadi Novemba huchomwa na jua na kupeperushwa na upepo, na mvua ya kwanza huukuta mkavu.

Adui wa kijani hicho ni ng'ombe. Kwa mazoea, mifugo huingia mashambani mahindi yakishaondolewa. Maua yakichelewa, ng'ombe watakuta maganda bado mabichi. Kijiji kinachopanga siku ya kufungua mashamba kwa kutazama mahindi peke yake kitakuwa na kesi nyingi barazani. Siku hiyo ipangwe baada ya kukagua mbaazi, na wafugaji waelezwe mapema, kabla ya mahindi kukauka.