Bendeji Iko Upande Gani?

Usiku wa tarehe 23 Desemba 1888, katika mji wa Arles kusini mwa Ufaransa, Vincent van Gogh aligombana na mchoraji mwenzake Paul Gauguin, kisha akajikata sikio la kushoto. Katika picha aliyojichora Januari 1889, ambayo sasa imo katika jumba la Courtauld, London, bendeji imefunika sikio la kulia. Hakukosea. Alijichora akijitazama kwenye kioo, na kioo hugeuza. Toleo hili la wasanii waliojichora linaanza na kazi hiyo kwa sababu ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote: watu huijia na kisa cha sikio kichwani, wakauona wazimu hata usipokuwepo.

Rangi zenyewe hazisemi hivyo. Koti la kijani limejengwa kwa mapigo marefu ya brashi yanayoshuka wima, moja kando ya jingine, kama miyaa iliyolazwa tayari kusukwa. Yakifika usoni mapigo hufupika, yakapinda na shavu na kuteremka na mfupa wa pua. Rangi ni nene kiasi cha kuacha matuta, lakini haikurundikwa ovyo. Ni vigumu kuona kiwewe katika mkono unaopanga hivyo.

Huzuni ipo, ila inatoka kwingine. Macho yanampita mtazamaji, hayakutani na yake. Ngozi imetiwa manjano na kijani, rangi zilezile za ukuta uliopauka, hata uso unakaribia kumezwa na chumba. Tena mwenye nyumba amevaa koti zito na kofia ya manyoya akiwa ndani, na koti limefungwa kifungo cha juu. Alikuwa ametoka hospitali siku chache tu.

Nyuma yake, upande mmoja, lipo turubai juu ya kiegemezo chake. Upande wa pili, ukutani, imetundikwa chapa ya Kijapani, sanaa aliyoihusudu na kuikusanya. Van Gogh hakuinakili chapa hiyo kama ilivyo. Aliisogeza michoro yake kulia, ili wanawake na Mlima Fuji wasifichwe na kichwa chenye bendeji.