Mzizi wa Kigiriki si Maana ya Neno

Wahubiri wetu wengi wanaipenda baruti. Wakifika Warumi 1:16, penye uweza wa Mungu, wanataja neno la Kigiriki *dunamis*, kisha wanatangaza kwamba ndilo lililozaa *dynamite* ya Kiingereza, kwa hiyo Injili ni baruti. Kanisa zima linaitikia amina. Lakini Paulo aliandika waraka huo katika karne ya kwanza, naye Alfred Nobel akapata hataza ya baruti yake mwaka 1867. Nobel ndiye aliyechota jina kwa Wagiriki. Paulo hakuwa na mlipuko wowote akilini. Mstari uleule unazungumzia wokovu.

Chanzo cha kosa ni imani inayofundishwa hata darasani: eti neno la Kiingereza likitoka Kigiriki, mzizi ndio maana yake halisi, na sisi tunaolitumia kila siku tunalijua juujuu tu. Si kweli hata kidogo. Maana huwekwa na wanaolitumia neno, katika wakati wao.

Tazama oksijeni. Lavoisier, mkemia wa Ufaransa, aliliunda jina hilo kwa Kigiriki akimaanisha kinachozaa asidi, kwa kuwa aliamini kila asidi ina gesi hiyo ndani yake. Mwaka 1810 Humphry Davy akaonyesha kwamba asidi hidrokloriki haina oksijeni kabisa. Jina limebaki na kosa lake. Mwalimu atakayeng'ang'ania mzizi atamfundisha mtoto kemia ya uongo.

Linaloniuma zaidi ni *ekklesia*, mzizi wa *ecclesiastical*. Tunaambiwa maana yake ni walioitwa watoke duniani. Hebu fungua Matendo 19. Demetrio mfua fedha anawachochea mafundi wenzake, mji wa Efeso unachafuka, umati unapiga kelele saa mbili nzima ukimtukuza Artemi, na wengi hawajui hata kwa nini wamekusanyika. Luka anauita umati huo *ekklesia*. Hao nao walikuwa wameitwa watoke duniani? Lilikuwa neno la kawaida la mkutano wa watu, basi. James Barr, msomi wa Biblia kutoka Scotland, alilichambua kosa hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1961, na bado linahubiriwa kila Jumapili.

Muumini aliyeketi kwenye benchi hana namna ya kukihakiki Kigiriki cha mchungaji, anaamini tu. Kwa hiyo mchungaji asiyekuwa na muda wa kusoma sura nzima aache kutaja mizizi.