Ukirudi nyumbani, utazalisha?

Kila nikiongea na watu wa nyumbani Tanzania swali ni lile lile: "Ukimaliza unesi huko Uingereza utarudi kweli?" Nitarudi, hilo nimeshalisema mpaka mdomo umekauka. Ila jamani, mbona hakuna anayeuliza kama nikirudi kazi nitaiweza?

Niwaeleze. Huku uuguzi umekatwa vipande. Unachagua kabla hujaanza: wagonjwa watu wazima, watoto, afya ya akili, au watu wenye ulemavu wa kujifunza. Miaka mitatu, saa 4,600, nusu darasani nusu wodini, unatoka umeiva kwenye kipande chako. Ukunga ni digrii nyingine kabisa na usajili wake mwingine. Mimi niko watu wazima. Leba nilipelekwa siku chache tu, nikasimama pembeni kama mgeni wa harusi.

Sasa nenda zahanati ya kijijini kwetu usiku. Mara nyingi zamu ni nesi mmoja. Huyo huyo anapima malaria, anatundika dripu, na mama akiletwa na bodaboda uchungu umeshashika ndiye atakayemzalisha. Huku damu ikianza kumwagika unabonyeza kengele ukutani na chumba kinajaa watu. Kule unabonyeza nini?

Ndiyo maana ile hoja ya uzalendo naiona nyepesi. Mtu anaweza kurudi na uzalendo wote kifuani na bado mama akamfia mkononi.

Sisemi huku hakuna cha kubeba. Ile karatasi ya NEWS2, waliyoanza nayo 2017, naipenda sana. Unapima pumzi, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, joto, unaangalia na fahamu, unajumlisha alama. Zikifika 7 ni dharura, unaita timu. Hata nesi aliyeanza kazi jana anaita, hana haja ya kumwogopa bosi. Hicho nakuja nacho, tena kinataka karatasi na nidhamu kuliko hela.

Maoni yangu, na najua kuna watakaonuna: mdogo wangu uliye Fomu Siksi na unaota ndege, digrii ya kwanza isomee nyumbani, Muhimbili au kwingine. Fanya intanishipu yako mwaka mzima, zalisha mpaka mikono izoee, halafu njoo huku kwa masta. Kama ni lazima uanzie huku, waulize Baraza la Uuguzi na Ukunga watakutambua kama nani. Uliza kabla hujalipa ada, sio ukishavaa joho.

Mimi likizo hii naomba nafasi ya kujitolea leba, hospitali ya mkoa kwetu. Sista wa zamu anifundishe tu kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, sitanuna. Haya nakimbia, zamu saa moja na nusu asubuhi na basi la huku halimsubiri mtu.