Lee Hye-jin: medali ya Berlin, na Tokyo iliyochelewa

Korea ya Kusini haijapata hata mara moja medali ya Olimpiki katika mbio za baiskeli. Lakini tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka 2020, katika muji wa Berlin, Lee Hye-jin alimaliza wa pili duniani katika keirin. Olimpiki ya Tokyo ilikuwa imebakiza karibu miezi tano tu. Ilionekana kama saa yake imefika.

Hakutokea tu ghafula. Mwaka 2010 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana. Akiwa na miaka 20 alikwenda Olimpiki ya London, 2012, njo mara ya kwanza keirin ya wanawake kuingia mule. Wanaume walikuwa nayo tangu 2000. Akaenda tena Rio, 2016.

Keirin ni nini? Baiskeli haina freni, gia ni moja. Wakimbiaji wanafuata kwanza kipikipiki kinachopandisha mwendo polepole mpaka karibu kilometa 50 kwa saa. Kikitoka, zinabaki meta 750, na kila mutu anajitafutia njia. Ukitoka mapema miguu inaisha. Ukichelewa unafungiwa ndani. Kwa hiyo nguvu peke yake haitoshi. Sherti mwili na akili vifike juu siku moja.

Na ile siku ndiyo iliyopotea. Tarehe 24 mwezi ule ule, siku 23 kisha Berlin, Olimpiki ilisogezwa mwaka mzima juu ya Covid-19. Lee hakuwa peke yake katika hasara hiyo. Stephanie Morton wa Australia, aliyekuwa wa tatu Berlin, aliacha mchezo mwaka ule ule. Emma Hinze wa Ujerumani, aliyeshinda, alikosa medali ya keirin kule Japani. Lee naye, sasa na miaka 29, alirudi mikono mitupu. Dhahabu ilikwenda kwa Shanne Braspennincx wa Uholanzi.

Maana yake, hakuna hata mumoja kati ya wale watatu wa Berlin aliyepanda jukwaa la keirin Tokyo. Anayesoma orodha ya Olimpiki peke yake atasema Lee alishindwa. Anayeangalia tarehe ataona kitu kingine: alikuwa tayari, ila Olimpiki haikuwa tayari.