Watoto Wasiohesabiwa

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilitunga sheria kwamba kila jimbo likadirie idadi ya watoto waliovurugika vibaya moyo na akili. Mwaka 1993 wakubwa wakaeleza ni nani hao: mtoto asiyetimiza miaka 18, mwenye ugonjwa wa akili wa kutambulika, unaomzuia kukaa vyema nyumbani, shuleni au na watu. Hapo hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni namna ya kuhesabu.

Uchunguzi wao mkubwa wa afya, ulioanza 1957, hubisha hodi nyumbani na kumwuliza mzazi. Humo yametumika maswali ya daktari Robert Goodman wa London, ya mwaka 1997. Mtoto ana wasiwasi? Hupigana? Jibu: si kweli, kweli kidogo, kweli kabisa. Basi mzazi anayempiga mtoto huyo kila usiku atajibu nini? Mimi nimesomea ualimu. Mtoto anayeitwa mtulivu kwao, darasani ndiye anayejificha chini ya meza.

Lakini hilo ni dogo. Mtoto aliyefungwa hayumo kabisa katika hesabu! Huko Chicago, kati ya 1995 na 1998, wataalamu waliwahoji vijana 1,829 waliokuwa kizuizini, zaidi ya nusu yao Weusi. Wavulana karibu theluthi mbili walikuwa na ugonjwa wa akili. Wasichana, karibu robo tatu. Hao ndio mhesabuji anaowapita njiani akienda kubisha hodi.

Goodman alitunga pia karatasi ya mwalimu, na ya kijana mwenyewe. Zichukuliwe, zipelekwe kizuizini, na atakayeziba mlango aulizwe anaficha nini.